Slaida ya pande nyingi ilitoka wapi?

Mwezi uliopita nilitoa pesa mfukoni mwangu kununua vyuma vya paa ambalo si langu. Hazikuwa nyingi ukilinganisha na bajeti ya jengo lenyewe, lakini ziliniuma, na kilichonigharimu kilikuwa kitu kidogo ajabu: kidoti kilichosogea pikseli moja ndani ya mraba kwenye skrini. Kisa chenyewe nitakisimulia huko chini. Kwanza nataka tuongee kuhusu huo mraba, maana tangu siku ile nimekuwa nikisoma jioni baada ya kazi nikitafuta ulitoka wapi, na historia yake imenivutia kuliko nilivyotarajia.

Kwa wale ambao hawajawahi kutumia programu za usanifu za aina hii, ngoja nieleze. Slaida mnaijua wote. Ni kile kitufe kinachoteleza kwenye mstari: unakisukuma kulia sauti inapanda, unakirudisha kushoto inashuka. Kinabeba namba moja tu. Sasa kuna programu iitwayo Grasshopper, inayoishi ndani ya programu nyingine iitwayo Rhinoceros, ya kampuni ya Robert McNeel & Associates ya Seattle, Marekani. (Ndiyo, panzi ndani ya kifaru. Majina sikuyachagua mimi.) Ndani ya Grasshopper huchori jengo mstari kwa mstari. Unaweka visanduku, unaviunganisha kwa waya, na kila kisanduku kina kazi yake: hiki kinachora duara, kile kinagawanya mstari, kingine kinapima eneo. Mwanzoni mwa waya unaweka slaida za namba. Ukisogeza slaida, namba inasafiri kwenye waya na jengo zima linajichora upya mbele ya macho yako. Upana, kimo, idadi ya madirisha, vyote hivyo ni vigezo, na kila kigezo kina slaida yake.

Miongoni mwa visanduku vya kuingizia namba kuna kimoja kiitwacho MD Slider, yaani slaida ya pande nyingi. Hiki si mstari bali ni mraba, na ndani yake mna kidoti. Ukikivuta kulia au kushoto, namba ya X inabadilika; ukikipandisha au kukishusha, ya Y inabadilika. Kinachotoka kwenye waya ni nukta moja iliyobeba namba zote mbili, na usipogusa mipangilio kila namba huwa kati ya 0 na 1. Ukizitaka mbalimbali unaweka kisanduku kingine cha kuzitenganisha. Mkono mmoja, namba mbili kwa mpigo.

Wanaoanza kutumia Grasshopper huikuta, huichezea dakika tano, halafu huiacha. Mimi nilifanya kinyume: niliipenda mno.

Ukitaka kujua mzizi wake, rudi Januari 1963. Kijana mmoja aitwaye Ivan Sutherland aliwasilisha tasnifu yake ya uzamifu pale MIT kuhusu programu aliyoiita Sketchpad. Aliiandika kwenye kompyuta ya TX-2 iliyokuwa Lincoln Laboratory, mashine kubwa ya kujaza chumba. Sutherland alishika kalamu ya mwanga, akagusa kioo, mstari ukatokea. Zaidi ya hapo, aliweza kuiambia mashine masharti: mistari hii miwili iwe sambamba, hii iwe na urefu sawa. Mashine ikahangaika yenyewe mpaka masharti yakatimia. Karibu kila kitu tunachokifanya leo kwenye programu za vigezo kilishachungulia pale.

Watu wakitaja Sketchpad hukumbuka kalamu. Lakini itazame ile picha maarufu ya Sutherland akiwa kazini, mchoro wa daraja ukiwa kwenye kioo. Juu kidogo ya meza kuna vishikizo vinne vyeusi vya kuzungusha, mfano wa vile vya redio ya mbao ya babu. Hivyo ndivyo vilivyoamua ni sehemu gani ya mchoro ionekane na kwa ukubwa gani. Yaani tangu siku ya kwanza kulikuwa na njia mbili juu ya meza moja. Kalamu ilibeba X na Y pamoja, bila mchoraji kufikiri kwamba ni namba mbili. Vishikizo vilibeba kitu kimoja kimoja, kila kimoja na kazi yake.

Tofauti ya njia hizo mbili unaweza kuionja kwa mchezo wa watoto. Mwaka 1960 kampuni ya Ohio Art ya Marekani ilianza kuuza kifaa kiitwacho Etch A Sketch, kilichobuniwa na Mfaransa André Cassagnes. Ni fremu nyekundu yenye kioo cha kijivu na vishikizo viwili vyeupe. Cha kushoto kinapeleka mstari kulia na kushoto, cha kulia kinaupeleka juu na chini. Kuchora ngazi ni rahisi mno. Sasa jaribu kuchora duara! Mikono yako inapigana, kila mmoja unataka kwenda kwa kasi yake, na unachopata ni kiazi. Namba ni zile zile mbili ambazo kalamu ya Sutherland ilizibeba bila jasho. Kilichobadilika ni kwamba mtu amezitenganisha na kukugawia mkono mmoja mmoja.

Halafu kikaja kipanya. Kile cha kwanza kabisa, alichokitengeneza Bill English mwaka 1964 kwa wazo la Douglas Engelbart huko Stanford Research Institute, kilikuwa kijisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili ya chuma chini yake, moja likielekea mbele na lingine likikaa upande. Gurudumu moja lilipima X, lingine Y. Kwa hiyo kwa ndani kipanya kilikuwa Etch A Sketch ile ile, vishikizo viwili, ila sasa vimefichwa chini ya kiganja kimoja. Ajabu yote iko hapo. Mtumiaji hakuhisi magurudumu mawili, alihisi mahali pamoja.

Na kuna jambo lingine dogo ambalo nawaomba mlikumbuke tutakapofika kwenye paa langu. Ukikiinamisha kipanya kile kidogo, gurudumu moja lilinyanyuka kutoka mezani, likabaki moja tu likizunguka. Hivyo uliweza kuchora mstari ulionyooka kabisa, wa mlalo au wa wima. Mtu alikuwa na uwezo wa kuunganisha namba mbili na pia uwezo wa kuzitenganisha, kwa kugeuza kifundo cha mkono tu. Vipanya vya baadaye, vya mpira na kisha vya mwanga, havikuwa na hila hiyo.

Huko Marekani wakiwa wanatatua swali la mkono, Italia kulikuwa na mtu aliyekuwa na tatizo la upande wa pili, la vigezo kuwa vingi. Msanifu Luigi Moretti ndiye aliyelisukuma jina "usanifu wa vigezo" tangu miaka ya 1940. Kwenye maonyesho ya Triennale ya Milano mwaka 1960 alionyesha mifano ya viwanja vya michezo ambavyo umbo lake lilitokana na vigezo 19, vikiwemo pembe ya kuona ya mtazamaji na gharama ya zege. Aliyewahi kukaa kwenye jukwaa baya uwanjani, mpira wa kona unapigwa na yeye anaona mgongo wa askari, anajua kwa nini pembe ya kuona ni jambo la kuhesabiwa. Moretti alishirikiana na mwanahisabati Bruno de Finetti, na walitumia kompyuta ya IBM kwa hesabu zao. Huyu Moretti ndiye pia msanifu wa majengo ya Watergate kule Washington, lakini hiyo ni habari ya blogu nyingine.

Vigezo 19 ni vingi kiasi gani? Tuseme kila kimoja kina nafasi kumi tu za kuchagua. Michanganyiko yote ni 1 ikifuatwa na sifuri 19. Ukitazama mmoja kila sekunde bila kulala utahitaji zaidi ya miaka bilioni 300. Hata vigezo saba tu, ambavyo ni vya kawaida kwenye faili la mwanafunzi, vinakupa michanganyiko milioni kumi: siku 115 za kutazama mfululizo, bila chai wala choo. Hapo ndipo mtu anaanza kutamani kubeba namba zaidi ya moja kwa mkono.

Wa kwanza kulihisi jambo hili kwa vidole hawakuwa wasanifu, walikuwa watu wa sauti. Zamani meza za kurekodia muziki zilikuwa na vishikizo vya kuzungusha, na kila kimoja kilihitaji mkono mzima. Tom Dowd, fundi sauti wa Atlantic Records, anatajwa kama mmoja wa walioleta vishikizo vya kuteleza miaka ya 1950, ili vidole vya mkono mmoja viweze kusukuma njia kadhaa kwa pamoja. Ile mikisa unayoiona nyuma ya kanisa Jumapili, kijana akiwa amevaa hedifoni na kidole kwenye kila chaneli, ni mjukuu wa wazo hilo. Kwenye skrini slaida ilikuja kama picha ya kishikizo hicho. Macintosh ya mwaka 1984 ilikuwa nayo kwa ajili ya sauti. Ila tazama kilichopotea njiani. Kwenye mikisa una vidole vinne juu ya slaida nne. Kwenye skrini una kipanya kimoja, kwa hiyo unagusa slaida moja, unaiachia, unaenda nyingine. Tulichukua sura ya kifaa tukaacha faida yake.

Watu wa muziki hawakuishia hapo. Mwaka 1986 kinanda cha Prophet VS cha Sequential Circuits kilikuwa na kijiti cha kusukuma pande zote: kona nne, sauti nne, na popote unapokisimamisha kijiti ndipo mchanganyiko wako ulipo. Mwaka 1999 Korg walitoa Kaoss Pad, kibao cha kugusa ambacho X ni kitu kimoja na Y ni kingine. DJ hahitaji kujua namba. Anapapasa, anasikia, anaacha kidole palipo patamu. Ukiweka Kaoss Pad kando ya MD Slider utadhani ni ndugu wa tumbo moja.

Lakini je, namba zozote mbili zinaweza kufungwa pamoja namna hiyo? Swali hili ndilo lililonifanya nisome hadi saa saba usiku, na jibu nililipata kwa wanasaikolojia.

Mwaka 1974 Wendell Garner alichapisha kitabu kuhusu jinsi akili inavyopokea vitu vyenye sifa zaidi ya moja. Alionyesha kwamba kuna sifa zinazoshikana na sifa zinazoachana. Chukua rangi: weupe wake na ukali wake vinashikana, jicho linaona rangi moja tu na ni kazi kweli kutazama kimoja bila kingine. Chukua rangi na ukubwa wa kitu: vinaachana, unaweza kusema "kile kikubwa" bila kujali kama ni chekundu au bluu.

Miaka ishirini baadaye, mwaka 1994, Robert Jacob na wenzake, akiwemo Linda Sibert wa maabara ya jeshi la majini la Marekani, walilipeleka wazo la Garner kwenye vifaa vya mkononi. Waliwapa watu kazi mbili. Ya kwanza: sogeza mraba mpaka ulingane na mwingine kwa mahali na kwa ukubwa. Ya pili: sogeza mraba ulingane kwa mahali na kwa wepesi wa rangi ya kijivu. Zote mbili zina namba tatu. Vifaa vilikuwa viwili, kimoja cha kushika hewani kinachobeba namba tatu kwa mpigo, kingine kipanya cha kawaida ambacho kwa namba ya tatu unabonyeza kitufe kwanza.

Kama kubeba namba nyingi kwa mpigo kungekuwa bora siku zote, kifaa cha hewani kingeshinda mara mbili. Hakikushinda mara mbili! Kwenye mahali na ukubwa kilishinda, kwa sababu vitu hivyo vinashikana. Kwenye mahali na rangi ya kijivu kipanya ndicho kilichoshinda, kwa sababu watu walitaka kumaliza kimoja kisha kingine, na kifaa cha hewani kilikuwa kikiwavurugia cha kwanza walipokuwa wakirekebisha cha pili.

Nilipoisoma nilikaa kimya kidogo. Maana yake ni kwamba mraba wenye kidoti si kifaa cha kuokoa nafasi kwenye skrini. Anayefunga namba mbili kwenye mraba mmoja anatoa kauli: kwamba kwa huyu mtumiaji, kwenye kazi hii, hizi mbili ni kitu kimoja. Kauli hiyo inaweza kuwa ya kweli au ya uongo, na programu haina namna ya kujua.

Mfano wa kauli iliyo ya kweli umeutumia mara nyingi bila kujua. Mwaka 1978 Alvy Ray Smith alieleza mfumo wa rangi wa HSV. Badala ya kumwambia mchoraji achanganye nyekundu, kijani na bluu kwa slaida tatu, alipanga rangi kwa aina yake, ukali wake na mwangaza wake. Ndiyo maana dirisha la kuchagulia rangi kwenye Photoshop na programu nyingi nyingine lina mraba mmoja mkubwa na utepe mmoja mwembamba kando. Mraba unabeba ukali na mwangaza, vile ambavyo Garner alisema vinashikana. Utepe unabeba aina ya rangi peke yake. Jaribu kutafuta rangi ya chai ya maziwa kwa slaida tatu za nyekundu, kijani na bluu, kisha uitafute kwa mraba na utepe. Utaona mwenyewe nani alifikiria.

Turudi kwa wasanifu. Miaka ya 2000 mwanzoni Robert Aish wa Bentley Systems alikuwa akiijenga GenerativeComponents, na wasanifu na wahandisi wa kundi la Smartgeometry waliijaribu kabla haijaanza kuuzwa mwaka 2007. Mwaka huo huo wa 2007 David Rutten wa McNeel alitoa programu ya nyongeza kwa Rhino 4 iliyoitwa Explicit History, yaani historia iliyo wazi. Jina hilo nalipenda. Kila hatua uliyopitia kufika kwenye umbo inabaki mezani, unaiona, unaweza kurudi nyuma kuigusa. Baadaye ikaitwa Grasshopper, na tangu Rhino 6 ya mwaka 2018 inakuja ndani ya Rhino yenyewe bila kuipakua kando.

Kilichoifanya ipendwe, kwa maoni yangu, ni slaida zaidi ya waya. Waya ni wa sisi wataalamu. Slaida ni ya mteja. Ben Shneiderman na wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Maryland walikuwa wameshaonyesha mwaka 1992, kwa programu ya kutafuta nyumba za kununua mjini Washington, kwamba mtu akisogeza slaida na matokeo yakibadilika hapo hapo bila kubonyeza "tafuta", anaanza kuielewa data yenyewe. Grasshopper ni wazo hilo kwenye umbo. Mteja asiyejua X wala Y anasukuma kitufe anaona paa linainuka, anacheka, anasukuma tena.

Mraba wa MD Slider unaongeza mkono huo kutoka namba moja hadi mbili. Zikizidi hapo, unashindwa. Grasshopper ina kisanduku kiitwacho Gene Pool kinachopanga slaida nyingi kama mikisa, lakini bado unasogeza moja moja. Kwa hiyo watu wakaenda njia nyingine, ya kumwondolea binadamu usukani na kumwachia jicho. Richard Dawkins mwaka 1986 alitengeneza wadudu wa kompyuta wenye jeni tisa: programu inakuonyesha watoto, unachagua unayempenda, naye anazaa. Mwaka 1997 Joe Marks na wenzake walieleza mfumo walioita Design Galleries: kompyuta yenyewe inatafuta mchanganyiko wa vigezo unaotoa picha zinazotofautiana sana, inazitandaza mbele yako kama bidhaa sokoni, wewe unaokota. Na Rutten akaandika Galapagos ndani ya Grasshopper, ambayo unaiunganisha na slaida zako za kawaida, unaipa lengo moja la namba, kisha unakaa unatazama slaida zikijisogeza zenyewe. Mara ya kwanza inatisha kidogo, kama kuona matatu inaenda bila dereva.

Haya, sasa paa langu.

Binamu yangu ni msanifu majengo. Aliniomba nimtengenezee faili la Grasshopper la kenchi za chuma kwa madarasa ya shule moja, ambayo sitaitaja. Kazi ya faili ilikuwa kuchora kenchi na kuchapisha orodha ya urefu wa kila kipande, ili fundi akate. Nilikuwa na slaida saba. Upana wa darasa na mwinuko wa paa nikaviweka kwenye MD Slider moja, kwa sababu ukikivuta kidoti pembetatu nzima ya paa inanyooka na kubonyea kama mtu anayepumua. Binamu alifurahi sana. Kamati ya shule ilifurahi zaidi, wazee walipanga foleni kushika kipanya. Na nasema hadi leo, kwa siku ile nilikuwa sahihi. Walikuwa wanachagua umbo, na umbo la pembetatu ni upana na kimo kwa pamoja, hakuna anayeona kimoja bila kingine.

Wakachagua. Upana mita 7.20. Kuta zikajengwa, rinta ikamwagwa, bolti zikazikwa kwenye zege.

Baada ya miezi miwili kamati ikasema paa liinuliwe kidogo, maji ya mvua yasisimame. Binamu akanipigia, nikafungua faili, nikakishika kidoti kile kile nikakipandisha. Namba ya mwinuko ikawa sawa, nikachapisha orodha, nikatuma. Dakika nne, labda tano.

Hesabu yenyewe ni ya aibu. Mraba wangu ulikuwa na upana wa pikseli 200, na X yake ilianzia mita 4 hadi mita 12. Mita nane kwa pikseli 200 ni sentimita nne kwa kila pikseli. Mkono wangu ulipokuwa ukipanda ulienda kushoto pikseli moja. Upana ukawa mita 7.16. Kwenye skrini huwezi kuiona tofauti hiyo, na mraba unaonyesha kidoti, hauandiki namba kubwa mbele yako kama slaida ya kawaida inavyofanya.

Fundi alikata na kuchomelea kenchi tisa kwa kufuata karatasi yangu. Walipoinua ya kwanza, matundu ya sahani hayakukutana na bolti, sentimita mbili kila upande. Alinipigia simu akiwa bado juu ya ukuta.

"Injinia," akasema, "ukuta haujasogea. Nimeupima mara mbili."

"Pole, mzee. Nitumie picha ya karatasi."

"Picha ya nini? Karatasi ninayo mkononi. Imeandikwa hivyo hivyo nilivyokata. Mimi nina vijana wanne hapa tangu saa moja, niwaambie nini?"

Niliwalipa siku yao. Nililipa na vyuma vya sahani mpya, ndefu zaidi, ambazo ziliokoa kenchi zenyewe. Mzee hakunigombeza tena, na hilo lilikuwa gumu kuliko kugombezwa.

Nikasoma tena ile kazi ya mwaka 1994 nikajiona ndani yake, nikirekebisha cha pili huku nikivuruga cha kwanza. Upana na mwinuko vilikuwa vimeshikana mwezi wa kuchagua. Siku kuta zilipomalizika viliachana, maana kimoja kilikuwa tayari ni zege. Vigezo ni vile vile, faili ni lile lile, kazi ndiyo iliyobadilika, na mraba wangu bado ulikuwa unatoa kauli ya miezi miwili nyuma. Kipanya cha mbao cha mwaka 1964 kingeniokoa: ningekiinamisha tu, gurudumu la X lingenyanyuka.

Faili tumelirekebisha. MD Slider imebaki moja, ya mahali pa mti ulioko uani, kwa sababu binamu anataka matundu ya ukuta wa hewa yawe makubwa kadiri yanavyokaribia kivuli, na mti una X na Y zisizoachana. Mwinuko wa paa una slaida yake peke yake, yenye namba. Upana wa darasa hauna slaida kabisa. Ni kisanduku cha maandishi, ndani yake kumeandikwa 7.20, na ukitaka kuubadilisha lazima uufute uandike upya kwa vidole.